Kurejelewa si Kunukuliwa: Istilahi za Kueleza Kazi ya Mtafiti wa Jeni za Bakteria

1. Utangulizi

Katika mji wa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kipo kiwanda ambacho wananchi wengi hukiita kiwanda cha viuadudu. Kilizinduliwa mwaka 2015, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, kwa teknolojia iliyotoka katika taasisi ya Labiofam ya Cuba. Kazi iliyokusudiwa ni kukuza bakteria wa aina mbili wenye uwezo wa kuangamiza viluwiluwi wa mbu kabla hawajaota mabawa. Mwaka 2017 Rais John Magufuli aliagiza halmashauri zinunue dawa hiyo. Kwa agizo hilo, jambo lililokuwa la maabara likawa jambo la ofisi. Afisa wa afya wa Kibaha, na mwenziwe wa wilaya ya Kisarawe katika mkoa huo huo, walipaswa kuwaeleza wananchi kwa Kiswahili ni kitu gani kinachomwagwa katika madimbwi yao.

Upande wa pili kuna mfasiri na mtumishi wa serikali anayepokea maelezo ya kazi ya mtafiti: amesoma wapi, ameandika nini, na maandishi yake yametumiwa mara ngapi na wataalamu wengine. Maelezo ya namna hii huandikwa kwa Kiingereza, na yanapofasiriwa huingia maneno ambayo humpotosha msomaji bila ya yeye kujua. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba matatizo hayo mawili, la tangazo la kijijini na la wasifu wa mtafiti, yana shina moja: kuchagua jina linaloshika sura ya nje ya kitu na kuacha kiini chake. Mfano wetu ni kazi ya Helen Whiteley, mtaalamu wa bakteria wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, aliyefariki mwaka 1990. Tumemchagua kwa sababu bakteria aliyemchunguza ni wa ukoo mmoja na yule wa Kibaha, na kwa sababu maandishi yake yanayorejelewa kuliko mengi ni maandishi ya istilahi.

2. Bakteria na fuwele yake

Kwanza inafaa tueleze jambo lenyewe. Mmoja wa bakteria wa Kibaha anaitwa kwa Kilatini Bacillus thuringiensis, wa jamii ndogo iitwayo israelensis. Mwanzoni mwa karne ya 20 bakteria wa ukoo huu walionekana nchini Japani wakiua viwavi wa hariri, na baadaye Ujerumani, katika jimbo la Thüringen, ambalo ndilo lililowapa jina. Kwa miaka mingi walidhaniwa kuwa adui wa viwavi tu. Mwaka 1976 ikapatikana, katika jangwa la Negev, jamii inayoua viluwiluwi wa mbu, na habari zake zikatangazwa na Leonard Goldberg na Joel Margalit mwaka 1977.

Bakteria huyu, chakula kinapokwisha, hujifunga katika umbo gumu linaloitwa spora. Wakati huo huo hutengeneza protini nyingi inayojikusanya na kuwa fuwele. Kiluwiluwi anapochuja maji kutafuta chakula, humeza fuwele hiyo. Ndani ya utumbo wake mna alkali. Fuwele huyeyuka, vimeng'enya huikata, na kipande kinachobaki hushika seli za ukuta wa utumbo na kuzitoboa. Kiluwiluwi huacha kula na kufa. Tumbo la binadamu lina tindikali badala ya alkali, na seli za utumbo wake hazina mahali ambapo protini hiyo hujishikiza. Ndiyo sababu mtu hadhuriki pale ambapo kiluwiluwi hufa.

Maelekezo ya kutengeneza protini hiyo yamo katika jeni. Katika jamii ya israelensis jeni hizo zimo katika plasmidi, yaani duara dogo la vinasaba lililo mbali na kromosomu ya bakteria. Plasmidi hiyo ilisomwa yote na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2002. Ina urefu wa jozi 128,000 hivi. Hapa tunapenda kuwakumbusha wafasiri tofauti ambayo mara nyingi hupuuzwa: vinasaba ni mata yenyewe inayobeba urithi, na jeni ni sehemu ya mata hiyo yenye maelekezo ya jambo maalumu. Asemaye «kinasaba cha fuwele» hapa, na mahali pengine «jeni ya fuwele», humfanya msomaji adhani kwamba anasoma habari za vitu viwili.

3. Safari ya utafiti ya Helen Whiteley

Whiteley hakuanza na fuwele. Alianza na bakteria wasiohitaji oksijeni, namna wanavyovunja chakula na kupata nguvu. Baadaye alichunguza jinsi jeni za bakteria wa jenasi ya Bacillus, na za virusi vinavyowashambulia, zinavyonakiliwa, na jinsi kimeng'enya cha kunakili kinavyojua ni jeni ipi ya kuanza nayo. Katika miaka ya 1970 alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Mikrobiolojia cha Marekani. Hatua hizi zinafaa kutajwa katika wasifu wowote, kwa kuwa bila ya ujuzi wa kunakiliwa kwa jeni asingeweza kufanya kazi iliyofuata.

Mwaka 1981 yeye na Ernest Schnepf walichapisha jaribio ambalo liliwapa wengine njia. Walichukua vinasaba vya plasmidi ya Bacillus thuringiensis wakavipandikiza katika bakteria mwingine, Escherichia coli, ambaye kwa kawaida hana fuwele. Bakteria huyo akaanza kutengeneza protini ya fuwele, na protini hiyo ilipopewa viwavi wa tumbaku iliwadhuru kama ile ya asili. Kwa mara ya kwanza jeni ya fuwele ilikuwa imetengwa, ikakuzwa na kuonekana ikifanya kazi nje ya mwenyewe. Hapo ndipo palipofunguka njia ya kupandikiza jeni za namna hiyo katika mimea. Mahindi na pamba vyenye jeni hizo vilianza kulimwa kibiashara nchini Marekani katikati ya miaka ya 1990.

Maabara nyingi zikaanza kutenga jeni za fuwele, na kila maabara ikaipa jeni yake jina ililopenda. Jeni moja ikawa na majina mawili au matatu, na jina moja likatumiwa kwa jeni mbili. Kila aliyepata kufanya kazi ya kamusi ataitambua hali hiyo.

4. Jina kwa kazi au jina kwa nasaba

Mwaka 1989 Herman Höfte na Whiteley walichapisha makala yaliyokusanya jeni zilizojulikana wakati huo na kuzipanga upya. Walitofautisha jeni 14. Jeni 13 waliziita cry, kutokana na neno lenye maana ya fuwele, nao wakazigawa katika mafungu manne kwa namba za Kirumi. Fungu la I lilikuwa la jeni zinazoua viwavi wa vipepeo na nondo. La II, viwavi pamoja na wadudu wa jamii ya nzi na mbu. La III, mbawakawa. La IV, wadudu wa jamii ya nzi na mbu peke yao. Jeni ya 14, isiyofanana na nyingine kwa muundo, waliiita cytA.

Utaratibu huu ulipokewa haraka, kwa sababu ulimwezesha mtu wa Seattle na mtu wa Gent kujua kwamba wanazungumza habari ya kitu kimoja. Lakini ulisimama juu ya misingi miwili kwa pamoja: mdudu anayeuawa, na mfanano wa protini zenyewe. Maadamu misingi hiyo ilikubaliana, hapakuwa na taabu. Jeni mpya zilipogunduliwa, misingi ikaanza kugombana. Ilitokea jeni iliyofanana kimuundo na za fungu la II, lakini haikuwadhuru mbu. Tena zilikuwapo jeni za fungu la IV ambazo zote ziliua mbu, ingawa baadhi yake hazikuwa na undugu wa karibu na wenzake. Jina lilisema jambo moja na nasaba ikasema jingine.

Mwaka 1998 kundi la wataalamu likiongozwa na Neil Crickmore lilitoa utaratibu mwingine. Namba za Kirumi ziliondolewa, na mdudu anayeuawa akaondolewa katika jina. Kilichobaki ni mfanano wa mfuatano wa amino asidi, uliopimwa kwa asilimia: mipaka ya ngazi iliwekwa karibu na asilimia 45, 78 na 95. Katika fungu la mbu, CryIVA ikawa Cry4A, lakini CryIVC ikawa Cry10A na CryIVD ikawa Cry11A, maana hazikuwa ndugu wa karibu. Baadaye utaratibu huo nao ukarekebishwa, kwa sababu ziligunduliwa protini zenye maumbo tofauti kabisa zilizokuwa zimetiwa chini ya jina moja la Cry.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, jina linalotokana na madhara au matumizi ya kitu hukaa kwa muda tu, na linalotokana na maumbile yake hudumu zaidi. La pili, jina lisilodumu si jina lililopotea bure. Pasingekuwapo utaratibu wa mwaka 1989, wataalamu wa mwaka 1998 wasingekuwa na kitu kimoja cha kurekebisha. Wangekuwa na fujo.

5. Kutaja, kunukuu, kurejelea

Sasa tuje kwenye kipimo. Makala ya mwaka 1989 yametumiwa na watafiti wengine zaidi ya mara elfu moja. Mfasiri ataandikaje jambo hili? Mara nyingi huandikwa: «Makala yake yamenukuliwa zaidi ya mara elfu moja.» Sisi hatuafikiani na matumizi haya. Kunukuu, kwa Kiswahili, ni kuchukua maneno ya mtu kama alivyoyasema au kuyaandika. Mwanafunzi akisoma sentensi hiyo ataelewa kwamba maneno ya Whiteley yalinakiliwa mara elfu moja, na sivyo. Waandishi wengi waliotumia utaratibu wake hawakuchukua hata neno lake moja. Walitumia jina la jeni tu, kisha wakaonyesha limetoka wapi.

Kutaja nako hakutoshi. Anayesema «marehemu Whiteley alikuwa mwalimu hodari» amemtaja, lakini hakumwelekeza msomaji penye maandishi yake. Neno linalofaa ni kurejelea: kumwelekeza msomaji kwenye andiko maalumu kuwa ni asili ya hoja, ya njia au ya jina linalotumika. Kitendo kimoja cha namna hiyo tunakiita rejeleo, na vikiwa vingi, marejeleo. Orodha ya vitabu mwishoni mwa andiko ibaki kuitwa marejeo, kama ilivyozoeleka. Kwa njia hii tutaweza kusema pasipo utata: «Katika marejeo ya kitabu hiki yamo maandishi 60, kitabu chenyewe kimepata marejeleo 12.»

Aidha, kurejelewa si kusifiwa. Waliotoa utaratibu wa mwaka 1998 iliwalazimu kuyarejelea makala ya mwaka 1989 ili waeleze kwa nini wanayaacha. Katika hesabu, rejeleo la anayefuata na rejeleo la anayepinga yana thamani ile ile, kila moja ni moja. Mtumishi anayepewa namba peke yake hawezi kujua ni lipi la heshima na ni lipi la ubishi.

Vipimo vyenyewe havina umri mkubwa. Faharasa ya marejeleo ya sayansi ilianzishwa na Eugene Garfield huko Marekani mwaka 1964, kwa kusudi la kumsaidia mtafiti kufuata wazo kutoka andiko moja hadi jingine. Ilikuwa chombo cha kutafutia maandishi kabla haijawa chombo cha kupimia watu. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mtaalamu wa fizikia, alipendekeza kipimo kinachojulikana kwa herufi h. Mtu mwenye h ya 20 ana maandishi 20 ambayo kila moja limerejelewa si chini ya mara 20. Kipimo hiki humzuia mtu asipandishwe na andiko moja lililobahatika. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hakioni uzito wa andiko moja kubwa: andiko lenye marejeleo elfu moja, ndani ya hesabu ya h, halizidi lenye marejeleo 20. Kwa mtafiti ambaye mchango wake ni kuwapa wenziwe lugha moja, kipimo hicho husema kidogo kuliko ukweli.

6. Neno «athari»

Kiingereza kina neno moja linalotumika kueleza nguvu ya maandishi ya mtafiti, ambalo asili yake ni mgongano wa vitu viwili. Wafasiri wengi hulifasiri kwa «athari». Asili ya neno athari ni Kiarabu, lenye maana ya alama iliyobaki, na kwa asili hiyo halina ubaya. Lakini tuangalie matumizi: athari za ukame, athari za mafuriko, athari za dawa za kulevya, mtu aliyeathirika. Katika masikio ya wengi neno hili limeelemea upande wa madhara. Anayeandika kwamba mtafiti wa bakteria «ana athari kubwa duniani» amemtia mtu huyo katika shaka bila ya kukusudia, hasa akiwa mtafiti wa bakteria.

Tunapendekeza dhana mbili zitenganishwe. Idadi ya marejeleo na vipimo vinavyotokana nayo viitwe uzito wa marejeleo. Hili ni jambo la hesabu. Kile ambacho kazi ya mtafiti imebadilisha katika elimu au katika maisha ya watu kiitwe mchango. Hili ni jambo la maelezo, na hupaswa kuandikwa kwa sentensi kamili. Wasifu wa Whiteley ukisema tu kwamba uzito wa marejeleo yake ni mkubwa, hatujaambiwa lolote kuhusu kutengwa kwa jeni mwaka 1981, wala kuhusu majina ya mwaka 1989. Mwalimu, mfasiri na mwajiri wana haki ya kuambiwa yote mawili.

7. Kurudi Kibaha na Kisarawe

Tukirudi sasa kwenye tangazo la afisa wa afya, tutaona kwamba kosa la kuita kitu kwa madhara yake liko pia katika Kiswahili chetu. Wapo wanaowaita bakteria vijasumu. Neno hili limeundwa vizuri, lina mofimu za Kiswahili na sauti ya Kiswahili. Lakini linadai kwamba kila bakteria ni sumu ndogo. Sivyo. Bakteria wanaogandisha maziwa si sumu, wala wale wa vinundu vya mizizi ya kunde. Wapo pia wanaosema vijidudu, na hapo afisa atajikuta akieleza kwamba «vijidudu hivi ni kiuadudu». Neno bakteria, ingawa limetoholewa, halidai lolote lisilo kweli. Tunalipendelea kwa sababu hiyo.

Tuchukulie tangazo linalosema: «Sumu ya vijasumu itamwagwa katika madimbwi na malambo ya kijiji.» Kila neno lina mtetezi wake katika vitabu, lakini mwananchi wa Maneromango au wa Mlandizi ambaye mifugo yake hunywa katika lambo hilo ana kila sababu ya kukataa. Atakuwa amekataa maneno, si dawa. Hata hivyo atakayeumia ni mtoto wake, maana mbu wataendelea kuzaliana. Tangazo lile lile lingeweza kusemwa hivi: «Katika madimbwi na malambo ya kijiji itawekwa dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu. Dawa hii imetengenezwa kwa bakteria wenye protini ambayo huyeyuka katika utumbo wa kiluwiluwi na kumuua. Haiwadhuru watu wala mifugo.» Ni refu zaidi, lakini halihitaji kutetewa.

Neno kiluwiluwi lenyewe linastahili kulindwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi hulijua. Akifika sekondari, Minaki au Kibaha, hufundishwa kwa Kiingereza na kukutana na lava, kisha hudhani kwamba amejifunza kitu kipya. Ni kweli kwamba watu huliita kiluwiluwi pia toto la chura, na mahali penye kuhitaji uangalifu inafaa kusema «kiluwiluwi wa mbu». Lava ibaki kuwa istilahi ya jumla ya biolojia, inayojumuisha kiluwiluwi, kiwavi na buu.

Mwisho, bakteria wa pili wa Kibaha aliitwa Bacillus sphaericus, na tangu mwaka 2007 wataalamu wamemhamishia katika jenasi nyingine na kumwita Lysinibacillus sphaericus. Vibandiko na nyaraka za zamani zinalo jina la kwanza. Mfasiri aandike jina jipya na kuonyesha la zamani mara moja, ili mtunza ghala asidhani kwamba ni dawa mbili.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Bakteria: kiumbe cha seli moja isiyo na kiini kilichozungushiwa utando. Hupatanishwa kama viumbe wengine wenye uhai: bakteria huyu, bakteria hawa.
Fuwele: mata ngumu ambayo chembe zake zimepangika kwa utaratibu maalumu.
Jeni: sehemu ya vinasaba yenye maelekezo ya jambo maalumu la urithi.
Plasmidi: vinasaba vya bakteria, aghalabu vya umbo la duara, vilivyo nje ya kromosomu.
Kurejelea: kumwelekeza msomaji kwenye andiko lililo asili ya hoja, njia au jina.
Rejeleo: kitendo kimoja cha kurejelea, wingi wake marejeleo.
Marejeo: orodha ya maandishi yaliyotumiwa na mwandishi.
Uzito wa marejeleo: kipimo cha kiasi ambacho maandishi yamerejelewa.
Mchango: badiliko lililoletwa na kazi ya mtafiti, lielezwalo kwa maneno.

9. Hitimisho

Hatudai kwamba istilahi hizi ndizo za mwisho. Utaratibu wa majina ya jeni za fuwele umerekebishwa zaidi ya mara moja, na kila marekebisho yaliwezekana kwa sababu watu walikuwa wameutumia na kuona unapokwama. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa halmashauri wazitumie istilahi hizi katika nyaraka, madarasa na mikutano ya hadhara, kisha waliarifu Baraza pale zinapogoma. Neno lililokataliwa na mwananchi wa Kisarawe baada ya kulisikia lina faida zaidi kwetu kuliko neno lililokubaliwa mezani na kubaki humo humo.